Wastaafu, Nendeni Mkawaone Ndugu Zenu Mngali na Nguvu

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba ndugu waliopoteana miaka mingi hukutana msibani. Simu ikipigwa usiku kwamba fulani hatunaye tena, nauli inapatikana, ruhusa ya kazini inapatikana, na watu waliokuwa hawana nafasi mwaka nenda mwaka rudi wanasafiri usiku na mchana kutoka Mtwara hadi Kagera. Wanafika, wanalia, wanazika, wanakula wali wa matanga, kisha kila mtu anashika njia yake. Yule aliyefuatwa hakumwona hata mmoja wao. Jambo hili halifai, na leo nataka kusema na watu wanaoweza kuanza kulibadili, nao ni wazee wetu waliostaafu, mume na mke, ambao Mungu amewaacha pamoja, na miguu yao ingali inawabeba.

Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na kwa hiari kuanzia 55. Katika umri huo wengi bado wanashika jembe tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Lakini tazama wanavyoishi. Kiinua mgongo kikitoka, mzee anaezeka nyumba, ananunua bodaboda ya kumpa kijana aiendeshe, anajenga banda la kuku, halafu anakaa barazani kungoja watoto waje Krismasi au Idi. Watoto hawaji. Mzee ananung'unika, bibi anamtetea mwanawe, na mwaka unakwisha hivyo hivyo.

Naijua hoja ya wazee: mtoto ndiye amfuate mzazi, mzazi hamfuati mtoto. Ni hoja ya heshima, nami nimelelewa nayo. Lakini ilipowekwa, mtoto aliyeoa alikuwa amejenga ng'ambo ya bonde, anaitika akiitwa. Leo yuko Dodoma serikali ilikohamia, au Mwanza, au Kahama. Likizo yake ya mwaka kisheria ni siku 28, na mara nyingi haiafikiani na likizo za shule za watoto. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi inameza mshahara wote. Mstaafu hana kengele ya kazini inayomwita, na pensheni yake inaingia kila mwezi awe Masasi au awe Sengerema. Mwenye nafasi ndiye aende. Hakuna heshima inayopungua hapo.

Nitatoa mfano wa wazee wawili ninaowafahamu. Mume ni Mmakua wa Masasi, alikuwa mwalimu. Mke ni Mhaya wa Muleba, Kagera, alikuwa muuguzi. Alipangiwa kazi kusini akiwa binti, enzi ambazo serikali ilimtoa mtu pembe moja ya nchi ikampeleka pembe nyingine, na watu wakaenda. Akaolewa huko huko. Tangu hapo kwenda kwao ikawa ni taabu tupu. Watu wa kusini wanaikumbuka barabara ile ya kwenda Dar es Salaam: kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, mabasi yaliyokwama kwenye tope, abiria wakilala njiani na watoto mgongoni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kilometa 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga zilikaa miaka mingine mingi bila lami. Aliyekuwa na nia ya kwenda Bukoba aliahirisha mpaka kuahirisha kukawa mazoea.

Sasa kisingizio hicho kimeondoka. Kutoka Masasi hadi Bukoba, kupitia Dar es Salaam, Dodoma, Singida na Mwanza, ni zaidi ya kilometa 2,000, na gari linapita kwenye lami. Hata Ghuba ya Mwanza, ambako watu walipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, imepata daraja lililofunguliwa Juni 2025, refu la kilometa tatu hivi, linalomfikisha mtu Busisi kabla hajamaliza kusimulia habari ya Usagara. Wazee wale walipakia korosho nyuma ya gari lao la siku nyingi, wakamchukua mpwa wao awe dereva wa kupokezana na mzee, wakaondoka baada ya masika.

Hawakukimbia. Mtu mwenye miaka zaidi ya 60 hana sababu ya kushindana na malori ya Chalinze. Walilala Dar es Salaam kwa binti yao, wakapumzika. Walisimama Kibaigwa kuona soko la mahindi, kwa sababu mzee sasa ni mkulima na alitaka kuuliza bei. Dodoma walikaa kwa kijana wao, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Mjukuu wa miaka minne, ambaye kila Jumapili alizungumza na babu kwa simu yenye picha, alipomwona babu mwenyewe mlangoni alikimbia akajificha nyuma ya friji. Alikuwa amezoea uso mdogo wa kwenye kioo, na huyu aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mzima mrefu, mwenye mvi na sauti nzito. Haikupita wiki akawa halali bila kuegemea kifua chake. Anayeniambia kwamba simu inatosha, na awaulize wajukuu zake babu ananukia nini.

Na jioni, baada ya chakula, mzee alikuwa akimweka kijana wake chini na kumtajia mikorosho ya ukoo inaanzia wapi na kuishia wapi, nani aliazimwa shamba na nani alipewa moja kwa moja. Mambo haya hayasemwi kwa simu yakaeleweka. Kesi ngapi ziko kwenye mabaraza ya ardhi kwa sababu baba alikufa nayo kifuani?

Muleba ndiko safari ilikokuwa ikielekea tangu mwanzo. Kaka mkubwa wa bibi yule haoni tena, macho yameingiwa na mtoto wa jicho. Alimtambua dada yake kwa sauti, akamwamuru aseme Kihaya. Akasema, akichanganya na Kiswahili cha kusini, na nyumba nzima ikacheka na kulia kwa pamoja. Wenyeji walitoa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama mgeni anavyokaribishwa kwao, na korosho za Masasi zikawekwa pembeni yake. Kisha wakaenda makaburini, kwa baba na mama ambao bibi hakuwahi kuwazika, kwa kuwa kila mara habari ilimfikia watu wameshatawanyika. Alipalilia kwa mikono yake. Mumewe alisimama kando ameshika kofia, na nadhani siku hiyo ndipo alipojua mkewe alitoa nini alipokubali kukaa kusini.

Sasa niseme la usalama, maana mapenzi ya ndugu hayazuii tairi kupasuka. Gari lipite kwa fundi siku kadhaa kabla, si jioni ya kuamkia safari: breki, matairi pamoja na la akiba, rejeta, fenibelti, taa. Msiende wakati wa mvua kubwa. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na watu wakakwama. Msisafiri usiku. Ni kweli mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, lakini ruhusa si amri, na lori bovu lililoachwa barabarani bila taa haliulizi umri wa dereva. Kila baada ya saa mbili simameni, mtembee, maana damu ya mtu mzima ikikaa sana miguuni inaweza kuganda. Kunyweni maji, hata kama yatawalazimu kutafuta choo. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisifungwe chini ya magunia, na kadi ya bima ya afya isiachwe nyumbani.

Liko na jambo la wakwe, ambalo wengi huliogopa kuliko barabara. Wako wazee ambao mila inawakataza kulala nyumba moja na mkwe, na nyumba nyingi za kupanga mijini zina choo kimoja katikati ya vyumba. Mzee hawezi kupita na taulo mbele ya mke wa mwanawe. Kwa sababu hiyo tu, wengine hawaendi kabisa. Kuna haja gani ya kuvunja ukoo kwa ajili ya choo? Tafuteni chumba katika nyumba ya wageni iliyo karibu, mshinde kwa mtoto na kulala huko. Mkamwana atapumua, nanyi mtapumua, na mazungumzo yatakuwa matamu zaidi.

Nanyi watoto, mzazi akija msimgeuze yaya wala mlinzi wa nyumba. Msimwachie rimoti ya televisheni na sufuria ya wali mkaenda zenu mpaka saa tatu usiku. Ombeni hata siku mbili kazini. Mpelekeni kwa majirani wamwone, mpelekeni sokoni achague samaki mwenyewe, msikilizeni hata akirudia hadithi ya jana. Kama mna uwezo, jazeni mafuta ya safari ya kurudi bila kungoja aombe, maana hataomba.

Wazee wangu, masika yakikatika mwiteni fundi aliangalie gari, au kama hamna gari, nendeni kituoni mkate tiketi za basi la asubuhi. Andikeni kwenye karatasi majina ya ndugu ambao hamjawaona tangu mwanzo wa utumishi wenu, muanze na aliye mkubwa kuliko wote.