Sauti Inajulikana Micheweni Nzima, Jina Je?

Ikifika saa ya tamthilia ya Kituruki, baraza nyingi za Micheweni zinakuwa kimya. Malkia akipandisha hasira watoto wanamuiga, na kesho yake wakinamama wanashuka kwenye mwani na maneno yake mdomoni. Lakini hebu waulizwe: ile sauti ya Kiswahili ni ya nani? "Si ya yule malkia!" Malkia gani, jamani? Yule mwigizaji wa Istanbul hata "shikamoo" haijui.

Kuna dada wa Kitanzania aliyekaa kwenye chumba kisichopitisha kelele, spika masikioni, akalia, akacheka, akahema sawasawa na midomo ya mtu mwingine. Si kusoma tafsiri tu ile. Mdomo wa Mturuki ukifungwa, Kiswahili nacho kiwe kimeshafika mwisho, na kilio kiwe kilio kweli. Asiyeiweza anajulikana ndani ya dakika mbili: anagombana na mume kama anayesoma taarifa ya habari.

Ajira yenyewe imekua. Mwaka 2011 TBC ilionyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili. Mwaka 2016 StarTimes wakafanya mashindano Dar ya kusaka sauti, washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Azam nao wakaja na Waturuki wao. Kazi ipo. Umaarufu ndio umebaki kwa Waturuki.

Japani mambo ni mengine. Masako Nozawa, bibi aliyezaliwa 1936, ndiye sauti ya Goku wa Dragon Ball tangu 1986. Mwanamke, tena mtu mzima, ndiye dume lile lenye misuli! Na watu wanamjua kwa jina. Kule mtoa sauti ana mashabiki wake, na vipo vyuo vya kazi hiyo.

Sasa binti wa Micheweni. Wazee wengi hawataki aonekane kwenye filamu, na sababu zao zinajulikana. Lakini hapa haonekani uso wala nguo, wala hakai kitanda kimoja na mwanamme kwa ajili ya kamera. Wapo watakaosema hata sauti ya mwanamke ina mipaka yake. Sawa, hilo wajibiwe na wenye elimu, ila mbona malkia anasikilizwa kila usiku na hakuna anayeziba masikio? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na jina lake likatangulia kila ilikofika sauti.

Halafu lafudhi. Eti Mpemba lazima anyooshe ulimi! Kwa malkia, sawa, asemeshwe Kiswahili sanifu. Lakini mvuvi, bibi wa kijijini na mchunga mbuzi wote kusema kama watangazaji wa Dar, hiyo ni tafsiri iliyopungua chumvi. Mvuvi apewe Mpemba uone kama mtu atabanduka.

Basi majina yakae kwenye skrini muda wa kusomeka, si kupita mbio kama gari la abiria lililojaa. Na usaili uletwe Chake Chake. Kutoka Micheweni hadi studio za Tabata ni gari, boti, gari tena na kulala kwa ndugu, yote kwa ajili ya kusikilizwa dakika moja ambayo simu ya mkononi ingeinasa pale pale barazani.