Mawe ya Romena, Udongo wa Ilesi

Mjadala kuhusu sura ya makanisa yetu umenikera mwaka mzima, na ndio uliozaa toleo hili. Kila parokia ya Kakamega ikitaka kujenga upya, hakosekani kikaoni mtu wa kusema kanisa la kweli ni lile la Italia, na wenzake wakanyamaza. Juzi niliwakuta mafundi wakiikwaruza plasta mbichi kwa msumari, mstari kwa mstari, ili ukuta uonekane wa mawe ya kuchongwa. Nyuma ya plasta ile mna matofali waliyochoma waumini wenyewe.

Basi tuitazame hiyo Italia. Kanisa la mashambani la zama za kati kule huitwa pieve, jina lililotokana na neno la Kilatini plebs, yaani watu. Mpango wake hauwezi kumshangaza Mkatoliki wa hapa: kanisa moja lenye kisima cha ubatizo, na vigango vilivyolizunguka vikileta watoto wao pale wabatizwe. Huko Romena, katika bonde la Casentino, vichwa vya nguzo vimeandikwa jina la paroko Alberico, na kwamba kazi ilifanyika wakati wa njaa, mwaka 1152. Ghala zilikuwa tupu, na watu wale wakataka jiwe liseme hivyo ndani ya nyumba ya Mungu.

Arezzo inanigusa zaidi. Juu ya mlango mkuu wa pieve ya Santa Maria, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 13, imechongwa miezi kumi na miwili, kila mwezi na shughuli yake. Kuna mavuno, kuna zabibu, na rangi bado zimebaki kwenye sanamu. Mkulima aliyekwenda misa alipita chini ya mwaka wake mwenyewe. Sisi tumechukua tao la mlango ule, miezi tukaiacha.

Yetu iko wapi? Misheni ya Mukumu ilianza 1906. Ni mlango gani wa kanisa, kuanzia hapo hadi leo, unaoonyesha Machi ya kupanda mahindi, watoto wakikusanya kumbikumbi baada ya mvua, mkata miwa wa Mumias aliyejaa masizi, au Agosti ya jando? Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma hiyo inasikika kwenye misa zetu, ukutani haimo.

Wanaosema sura za wenyeji zinapunguza utakatifu wasome insha ya tatu, inayohusu michoro mitano ya Elimo Njau katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a. Mwishoni mwa miaka ya 1950 msanii huyo mzaliwa wa Marangu alimweka Kristo katikati ya watu na vilima vya pale, akiwa amefunzwa Makerere. Binafsi naona hoja hiyo ilimalizika Murang'a.

Mwandishi wetu wa Kaimosi anatetea kuta tupu za makanisa ya Marafiki (Waquaker), na anazitetea vizuri. Pia tuna makala fupi kuhusu kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara.

Nafasi kubwa nimewapa wafinyanzi wa Ilesi, wala siombi radhi. Mama akishausimamisha udongo, huchukua kipande cha kamba iliyosokotwa, akakiviringisha shingoni mwa chungu kikiwa bado kibichi. Kamba inaacha mistari ya mshazari, myembamba, na hakuna mkono mwingine unaoirudia sawasawa. Mistari hiyo ni ya kweli. Ile ya msumari inajifanya jiwe. Vigae vya udongo huo vingetosha mlango mzima, mwezi kwa mwezi, na gharama yake isingefika ya plasta, saruji na rangi tunazochangia kwa harambee.

Wanakamati wa ujenzi mnaosoma haya, kabla hamjatia sahihi mkataba, nendeni Ilesi na paroko wenu siku ya kuchoma vyungu.