KARANI WA MHESHIMIWA NI WA NANI?

Ndugu wasomaji, wachimbaji wa mashimo, wenye maduka, walimu, mama wa sokoni, na ninyi vijana mliotoka shuleni mkitafuta kazi: leo tunataka kusema habari za mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye karatasi ya kura, lakini karatasi zote za watu hupita mkononi mwake. Huyo ni karani wa mheshimiwa. Wengine humwita msaidizi, wengine sekretere, wengine mtu wa kabine. Sisi tutamwita karani, maana kazi yake ni ya kalamu, na kazi ya kalamu twaijua.

Kwa nini tuseme habari hiyo leo? Kwa sababu sisi wa Masisi, pamoja na ndugu zetu wa Rutshuru, hatukupiga kura tarehe 20 Desemba 2023, kwa ajili ya vita. Na kabla ya hapo, tangu 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi na baraza la jimbo likasimamishwa, hata watu wakakosa madepite wa jimbo wa kuwapelekea malalamiko. Lakini siku moja sanduku la kura litarudi Muheto. Siku hiyo kila atakayechaguliwa atatafuta kijana ajuaye kuandika barua ya Kifaransa na kumsikiliza mzee kwa Kiswahili. Huenda kijana huyo ni mwanao. Ni heri tuseme naye sasa, kabla hajakikalia kiti.

Wengi hudhani kazi hiyo ni raha: kiti, simu, safari za Goma na Kinshasa. Hawaoni ya kwamba kila asubuhi karani amesimama kati ya wawili. Mbele yake kuna raia, nyuma yake kuna mkubwa. Raia amemchagua mkubwa, na mkubwa amemwajiri karani. Karani akimtii mkubwa katika kila neno, aweza kumwibia raia. Akimsikiliza raia katika kila neno, aweza kumwasi mtu aliyewekwa kwa kura. Wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi. Basi tuyatazame mambo hayo moja moja.

La kwanza ni amri mbaya. Tuseme mheshimiwa anamwita karani jioni na kumwambia: "Andika barua kwa biro ya madini, upige muhuri wangu, useme mifuko hii ishirini ya koltani imetoka katika mashimo ya koperative fulani." Karani anajua ya kuwa mifuko ni ya shemeji wa mkubwa, na haikutoka huko. Sisi makarani wa machimbo twaelewa haraka ubaya wa barua hiyo. Katika utaratibu wa etiketi, mfuko ulifungwa etiketi ya kwanza pale machimboni, kisha ya pili kwa mnunuzi, na namba zikaandikwa daftarini. Etiketi yenyewe haina macho. Mwenye macho ni yule anayeandika namba. Akiandika uongo mara moja tu, madini ya shimo linalolindwa na bunduki yanapita kama madini safi, na mchimbaji wa shimo la halali anashushiwa bei kwa sababu mfuko wake hauaminiwi tena. Barua yenye muhuri wa mheshimiwa ni etiketi kubwa kuliko zote.

Je, karani aweza kukataa? Wengi husema hawezi. Twawajibu, wasome Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 28. Humo imeandikwa ya kwamba hakuna mtu anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Na mtumishi wa leta amefunguliwa katika wajibu wa kutii, ikiwa amri inavunja waziwazi haki za binadamu, uhuru wa watu au maadili mema. Lakini kifungu hicho kina neno la mwisho ambalo wengi hawalifikii: anayekataa ndiye mwenye kuonyesha ya kuwa amri ilikuwa mbovu. Basi mwenye kukataa kwa mdomo mtupu atashindwa, na mwenye karatasi aweza kusimama.

Kwa hiyo twamshauri karani hivi. Kwanza aseme kwa heshima, wakiwa wawili tu: "Mheshimiwa, barua hii itakuletea shida wewe kabla yangu." Mara nyingine mkubwa amechoka, au amesukumwa na jamaa zake, naye atashukuru kupata njia ya kutoka. Asipokubali, karani aombe amri hiyo kwa maandishi. Amri nyingi mbaya hufa hapo hapo, maana mkubwa hapendi mkono wake uonekane. Asipokubali tena, karani aandike katika daftari lake tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, alitunze nyumbani, na barua asiiandike.

Hatusemi ni jambo rahisi. Mtu mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba hawezi kuucheza mshahara wake. Lakini ajue ya kuwa barua ya kwanza ndiyo nyepesi kukataa kuliko zote. Akiandika ya kwanza, ya pili ataandika kwa hofu ya ile ya kwanza, na ya tatu hataulizwa. Na chama kilichomsifu karani siku ya uchaguzi kisimwache siku ya kufukuzwa. Mtu aliyepoteza kazi kwa kulinda haki ya wachimbaji, wachimbaji na wamjue na wamsaidie.

La pili ni kinyume cha la kwanza, nalo husahauliwa mno. Karani hakuchaguliwa na mtu. Tuseme mheshimiwa, kwa haki yake na kwa njia ya halali, ameamua kutetea barabara kabla ya shule, na shule hiyo ilikuwa ya kijiji cha karani. Karani anakasirika, anaificha barua ya barabara chini ya mafaili mpaka siku zipite. Huyo naye ni mwizi. Ameiba uamuzi wa mtu aliyepewa kura na watu. Anayo haki ya kusema, "Mheshimiwa, mimi naona vingine." Akisha kusema na asikubaliwe, aifanye kazi vizuri, ama aage kwa adabu aende zake. Kukataa amri ya uovu ni jambo moja, na kuchukua madaraka usiyopewa ni jambo lingine.

Nchi yetu ilikwisha kulipa deni la kosa hilo. Mwanzoni mwa 1960, wakati wa mkutano wa meza ya duara huko Brussels, Joseph-Désiré Mobutu alikuwa mtu wa karibu wa Patrice Lumumba katika chama cha MNC. Lumumba alipounda serikali ya uhuru, alimtia Mobutu katika ofisi yake ya Waziri Mkuu, na mwezi wa Julai akamweka mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Tarehe 14 Septemba 1960 mtu huyo wa ofisi alitangaza ya kuwa amewasimamisha wanasiasa, Rais na Waziri Mkuu pamoja. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa huko Katanga. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akaitwaa nchi yote, asiiachie mpaka Mei 1997. Hatusemi kila karani mjeuri ni Mobutu. Twasema tabia ya kumfanyia mkubwa uamuzi nyuma ya mgongo wake huanza na barua moja iliyofichwa.

La tatu ni siri. Kazi hii haiendi bila siri. Mjane anayekuja kueleza habari za shamba lililonyang'anywa, mchimbaji anayetaja jina la askari aliyemtoza mzigo, hao wanaweka maisha yao mikononi mwa karani. Akiyasema kilabuni usiku, mtu aweza kufa. Hata mashauri ya mheshimiwa kabla hayajakamilika si mali ya soko. Huko Tanganyika, iliyokuja kuwa Tanzania, Joan Wicken alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere tangu 1960, kwa miaka mingi, na watu wengi hawakulijua hata jina lake. Hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Lakini kuna mambo yanayoitwa siri nayo si siri. Sheria ya Madini ya 2002, kama ilivyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, imegawanya mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali pale madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Utawala wa mahali, katika Masisi, ni shefferi za Bahunde na Bashali na sekta za Katoyi na Osso. Katika Walikale ni sekta za Wanianga na Bakano. Basi raia akija kuuliza, "Hiyo 15 ya kwetu ilifika? Ilijenga nini?" na karani akaambiwa amjibu kwamba ni siri ya leta, ajue hiyo ni amri ya kumfunika mtu macho. Sheria imeandikwa kwa ajili ya wote. Kipimo chetu ni hiki: siri inayomlinda mnyonge itunzwe, na siri inayomlinda mwizi isitungiwe jina la heshima.

La nne ni mlango. Nani aingie kwanza? Hapa kwetu swali hilo si dogo. Karani ni Muhunde, au Muhutu, au Mututsi, au Munyanga, au Mutembo, raia wakimwona kitini wanahesabu kabila kwanza, na jamaa zake wanakuja wakisema, "Sasa ni zamu yetu." Sote twakumbuka Machi 1993, mauaji yalipoanza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote, jirani akamkimbia jirani. Mambo ya namna hiyo hulelewa polepole katika mabiro, pale faili la mtu wa kabila moja linapopanda juu na la mwenzake linapolala chini. Katiba, kifungu cha 101, inasema depite wa taifa anawakilisha taifa lote. Ikiwa bwana wake ni wa wote, karani atakuwaje wa ukoo?

Dawa ya jambo hili ni daftari la mlangoni. Kila ajaye aandikwe jina, tarehe, shida yake na namba yake, na namba ifuatwe. Mgonjwa na mwenye hatari ya kufa wapite mbele, na sababu iandikwe. Ndugu wa karani akija, apewe namba kama wengine. Na matabishi yasiingie kabisa. Leo ni kuku, kesho ni kreti ya bia, kesho kutwa ni dola, na mchimbaji aliyetoka shimoni na udongo mwilini, asiye na kuku wala bia, atakaa nje mpaka jua lizame.

La tano latuhusu sisi wa vyama wenyewe. Karani anayelipwa na fedha za bunge, je, aweza kutumwa kubandika picha za chama na kupanga mikutano ya chama mchana wa kazi? Tarehe 31 Machi 2025 mahakama ya Paris, Ufaransa, ilimhukumu Marine Le Pen na wenzake wa chama chake, kwa kuwa fedha za Bunge la Ulaya, zilizowekwa kwa ajili ya wasaidizi wa wabunge, zilitumiwa kuwalipa watu wa kazi ya chama. Yeye alikata rufaa, lakini mafundisho yapo kwetu pia. Karani mwenye kupenda chama akifanyie kazi jioni na Jumapili, kwa jasho lake. Mchana ni wa raia wote, hata wale waliopiga kura upande mwingine. Chama kinachodai haki kwa kompanyi na kwa leta hakiwezi kula saa za raia.

Sasa neno kwenu ninyi raia, maana karani haharibiki peke yake. Msimpelekee kuku. Msimwombe ampindie mwenzenu namba. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa wa leta ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na kinawataka wajibu katika miezi mitatu. Basi andikeni pamoja, wachimbaji wa shimo moja, wauzaji wa soko moja. Andikeni nakala mbili, mmpe karani moja, na katika ile ya pili aweke tarehe na sahihi yake. Hesabuni miezi mitatu. Mkirudi, ulizeni kwa upole na kwa karatasi mkononi. Karani mwema atafurahi, maana karatasi yenu itamsaidia mbele ya mkubwa wake. Karani mbaya ataogopa, naye ni vizuri aogope.

Na wewe kijana utakayeitwa siku hiyo: mshahara wako utasainiwa na mheshimiwa, lakini uliyemkuta mlangoni asubuhi ndiye aliyemtuma mheshimiwa huko aliko. Mtumikie mkubwa wako kwa uaminifu, umwambie kweli akiwa peke yake, usimwibie uamuzi wake, wala usimsaidie kuiba. Siku utakapoondoka katika kiti hicho, na utaondoka, upite sokoni Muheto mchana kweupe, watu wakusalimie.