Mtobozano wa seva

Jamani wadau, jana usiku tumebishana maabara mpaka mlinzi akatutimua. Jamaa yangu kashikilia: mteja akikodishiwa seva nzima peke yake, chuma kitupu, basi yuko salama. Salama wapi bwana!

Sisi wa Geita tunalijua hili. Kila duara lina mwenyewe na mdomo wake juu, ila huko chini mashimo yakikutana ni mtobozano, na ngumi zinafuata. Seva ya SACCOS ya Kahama na ya mnunuzi wa dhahabu zikikaa VLAN moja, hadithi ni hiyo hiyo. Mmoja anajifanya lango la kutokea, data za mwenzie zote zinapita kwake.

Kwenye mashine pepe kuna haipavaiza ya kumchunga mpangaji. Kwenye chuma kitupu hakuna, mashine yote ni yake, anabadili anachotaka. Kwa hiyo ukuta ukae kwenye swichi, mkono wake usikofika. Ndiyo maana Ironic ya OpenStack inaweza kusimika seva kwenye mtandao wa pembeni, halafu ikahamishia poti VLAN ya mpangaji. Akiondoka, seva inarudi pembeni kusafishwa.

Eti VLAN 4094 zitaisha! Kwa wapangaji kumi? Wakizidi sana ipo VXLAN, namba milioni 16 na ushee.

Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitauliza kama chuma kilikuwa kitupu.

Kesho jamaa analeta laptop zake mbili na swichi. Tutaona kama atabisha tena.