Mahari, nyumba na gari: Mzigo unaowalemea vijana wa kiume China

KILA mwishoni mwa wiki, mamia ya wazee hukusanyika katika bustani ya People's Park, katikati ya jiji la Shanghai. Hawaendi kupunga upepo. Hufungua miavuli na kuipanga chini, na juu ya kila mwavuli hubandika karatasi yenye sifa za mtoto wao aliyefikia umri wa kuoa au kuolewa: mwaka wa kuzaliwa, kimo, elimu, kazi na mshahara. Kwa mtoto wa kiume, lipo swali moja ambalo jibu lake huamua iwapo mpita njia atasimama au atashika njia yake: je, ana nyumba?

Mhusika mwenyewe aghalabu hayupo. Pengine hata hana habari kwamba ananadiwa.

Soko hilo ni kioo cha hali inayowakumba vijana wa kiume katika taifa hilo la watu bilioni 1.4. Kabla ya kuzungumzia harusi, mwanamume hutarajiwa kuwa na nyumba, gari na kitita cha mahari. Hata uchumba wenyewe una ada zake. Ifikapo Mei 20, tarehe ambayo tarakimu zake zikitamkwa kwa Kichina hukaribiana na neno 'nakupenda', wapenzi wengi hutumiana yuan 520 kwa simu. Anayetaka kuonyesha kwamba penzi lake ni la maisha hutuma 1,314.

Masharti haya hayakuanza jana. Katika miaka ya 1970, bwana harusi alitarajiwa kuleta baiskeli, cherehani, saa ya mkononi na redio. Muongo uliofuata, orodha ikawa televisheni, friji na mashine ya kufulia. Vilikuwa vitu ghali kwa wakati huo, lakini mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuvipata kwa kujinyima miaka michache. Nyumba ya mjini haipatikani hivyo.

Ni nini basi kilichobadilika?

Kwanza ni makao yenyewe. Kwa miongo mingi, wafanyakazi wa mijini walipewa nyumba na idara au kampuni za serikali walikoajiriwa. Mnamo 1998 serikali ilikomesha utaratibu huo, na nyumba zikageuka bidhaa ya sokoni. Bei zikapaa kwa zaidi ya miaka 20, huku familia nyingi zikiamini kwamba asiye na nyumba yake mwenyewe hana msingi wa kuoa.

Pili ni hesabu ya watu. Sera ya mtoto mmoja, iliyotekelezwa kuanzia 1980 hadi mwishoni mwa 2015, ilizikuta familia nyingi za mashambani zikithamini mtoto wa kiume kuliko wa kike. Mashine za kutambua jinsia ya mtoto akiwa tumboni zilipoenea, mimba za watoto wa kike zikaavywa kwa wingi licha ya sheria kukataza. Kwa kawaida, wavulana wapatao 105 huzaliwa kwa kila wasichana 100. Mwaka 2004, China ilikuwa na wavulana takriban 121.

Watoto hao sasa ni watu wazima. Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba wanaume waliwazidi wanawake kwa karibu milioni 35, idadi inayokaribia robo tatu ya Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019. Wachina huwaita wanaume wanaokosa wake 'matawi matupu', yaani matawi yasiyokuwa na jani wala tunda.

Pale wanaotafuta ni wengi na wanaotafutwa ni wachache, bei haiwezi kukaa chini. Ndivyo ilivyokuwa kwa mahari, ambayo Wachina huiita caili. Tofauti na mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe, caili kwa desturi hupokewa na wazazi wake, ingawa wengi huwarudishia maarusi sehemu ya fedha hizo ili waanzie maisha. Katika vijiji vya majimbo kama Jiangxi na Gansu, si ajabu kiasi hicho kupita yuan 100,000. Wengine huitisha yuan 188,000 kwa kuwa nambari nane huaminika kuleta utajiri. Hizo ni zaidi ya Sh3 milioni za Kenya. Mwaka 2024, wastani wa pato la mkazi wa mashambani lililobaki mkononi baada ya kodi ulikuwa yuan 23,119. Kwa maneno mengine, mahari hiyo ni pato lake la miaka minane bila kula wala kuvaa.

Ni wazi kwamba kijana hawezi kulipa peke yake. Wanaolipa ni wazazi. Utafiti wa wachumi Wei Shang-Jin na Zhang Xiaobo, uliochapishwa mwaka 2011, ulibaini kwamba familia zenye mtoto wa kiume ziliweka akiba zaidi kuliko zenye binti, na kwamba akiba hiyo iliongezeka katika maeneo yaliyokuwa na uhaba mkubwa zaidi wa wasichana. Mijini husemwa kwamba nyumba moja hununuliwa kwa 'pochi sita': za baba, mama, na babu na nyanya wa pande zote mbili. Kwa hivyo, fedha ambazo zingewatunza wazee hao uzeeni huishia kwenye malipo ya kwanza ya nyumba ya mjukuu.

Lawama zimekuwa zikielekezwa kwa wanawake. Mwaka 2010, katika kipindi cha kutafuta wachumba cha runinga ya Jiangsu, 'Fei Cheng Wu Rao', mwanamume mmoja alimuuliza msichana iwapo angekubali wapande baiskeli pamoja. Jibu lake, kwamba ni heri alie ndani ya BMW, lilizua ghadhabu nchi nzima, na mnamo Juni mwaka huo wasimamizi wa utangazaji wakatoa kanuni za kudhibiti vipindi vya aina hiyo. Hadi leo jibu hilo hutajwa kila mjadala huu unapoibuka.

Hata hivyo, kuhitimisha kwamba tatizo ni tamaa ya wasichana ni kuona upande mmoja wa shilingi. Agosti 2011, Mahakama Kuu Zaidi ya China ilitoa ufafanuzi kwamba nyumba iliyonunuliwa na wazazi wa mmoja wa wanandoa na kuandikishwa kwa jina la mtoto wao ni mali ya mtoto huyo peke yake. Kwa kuwa desturi humtaka mwanamume alete nyumba, wake wengi walijikuta hatarini kutoka mikono mitupu ndoa ikivunjika. Tangu hapo, kudai jina la mke liwemo kwenye hati ya nyumba si tamaa tu, ni kujikinga. Isitoshe, mwanamke anajua kwamba akizaa, huenda kazi yake ikayumba, kwani waajiri wengi hukwepa kuajiri au kupandisha vyeo kina mama.

Wazazi wa binti nao wana hoja. Malipo ya uzeeni kwa wakulima wa China ni wastani wa takriban yuan 200 tu kwa mwezi. Kwa mzee wa kijijini aliyelea binti mmoja ambaye sasa anakwenda kwa watu, mahari ndiyo bima yake.

Kwa sababu hiyo, hatua za serikali zimekuwa zikigusa matawi huku mzizi ukibaki ardhini. Sheria ya Ndoa ya 1950 ilipiga marufuku kudai mali kwa kisingizio cha ndoa, na Kanuni ya Sheria za Kiraia iliyoanza kutumika 2021 ikarudia katazo hilo. Mapema 2023, maafisa wa mji mdogo wa Daijiapu jimboni Jiangxi waliwakusanya wanawake waseja na kuwatia sahihi ahadi ya kutodai mahari kubwa. Wengi waliuliza mbona wanawake ndio waliapishwa. Kuanzia Februari 1, 2024, kanuni mpya za mahakama ziliainisha ni lini mahari hurudishwa wanandoa wakitengana mapema. Tangu Mei 10, 2025, maarusi wanaweza kuandikisha ndoa popote nchini bila kitabu cha ukazi cha familia.

Lakini kilichopungua si masharti, ni ndoa. Mwaka 2013 ziliandikishwa ndoa milioni 13.47. Mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1, chini ya nusu. Idadi ya watu ilianza kushuka mwaka 2022. Ukosefu wa ajira miongoni mwa vijana wa mijini ulifikia asilimia 21.3 mnamo Juni 2023, kisha takwimu hizo zikasitishwa hadi hesabu ilipobadilishwa. Hata kushuka kwa bei za nyumba tangu 2021 hakujawa nafuu kwa wote, kwani waliokopa bei zikiwa juu wanalipia nyumba ambazo thamani yake imepungua.

Anayeumia zaidi ni yule aliye chini kabisa. Wasichana waliosoma wamehamia mijini, na wengi wao wameamua kuishi bila kuolewa kuliko kuolewa vibaya. Kijana wa kijijini asiye na shahada amebaki na wachumba wachache kupindukia, hivyo ndiye anayetakiwa kulipa kingi akiwa na kidogo. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Iwapo Beijing inataka vijana waoe, italazimika kuwapa wakulima malipo ya uzeeni yanayotosha, kuwalinda wanawake kazini na kuwahakikishia haki katika nyumba ya ndoa. Kuwaapisha mabinti hakutoshi. Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Kwa wazee wanaoketi kando ya miavuli kule Shanghai, mjukuu mwenyewe ndiye anayekawia.