Shamba ni mali, lakini ushahidi uko wapi?

Mkulima mwenye ekari zake tatu ambaye hana hati mkononi huambiwa mara kwa mara kwamba hana chake, ardhi ni ya serikali. Maneno hayo husemwa na madalali, na wakati mwingine na viongozi wa vijiji ambao wangepaswa kujua zaidi. Ni kweli kwamba ardhi yote Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Lakini haki ya kuikalia na kuilima ni mali ya mwenye shamba, awe na hati au asiwe nayo. Hilo liliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwezi Desemba 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake.

Kesi hiyo ilitoka Kambi ya Simba, Mbulumbulu, eneo ambalo sasa liko Wilaya ya Karatu. Baba na mwanawe walipoteza shamba walilolimiliki kimila wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Walikwenda Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, na mwaka 1987 wakashinda na kurudishiwa shamba. Hawakuwa peke yao. Wananchi wengi mkoani Arusha walikuwa wakidai mashamba waliyohamishwa, na serikali ikaona hatari ya vijiji kuvunjika. Mwaka 1992 Bunge likapitisha Sheria Na. 22, iliyofuta haki za kimila zilizokuwapo kabla ya operesheni, ikakataza fidia, ikafunga milango ya mahakama na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Hofu ya serikali haikuwa ya bure. Aliyepewa shamba la mwenzake wakati wa operesheni naye alikuwa mkulima, ameshajenga na kupanda, na hakujigawia mwenyewe. Kosa la sheria ile ni kwamba ilimaliza mgogoro kwa kumnyang'anya mmoja bila hata senti, na kumwambia asiende popote kulalamika.

Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Vifungu kadhaa vya sheria hiyo vikabatilishwa, vikiwamo vya kufunga njia ya mahakamani. Jaji Mkuu alieleza kwamba kuamua vinginevyo kungewafanya wananchi walio wengi waonekane kama wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Uzito wa hukumu hiyo unaonekana zaidi mtu akikumbuka kilichotokea miaka michache kabla, kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Shirika la umma la NAFCO lilichukua maeneo makubwa ya Wabarabaig kwa ajili ya mradi wa ngano uliosaidiwa na Canada. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji kadhaa walishitaki, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Katika rufaa ya mwaka 1985 ushindi huo ukatenguliwa. Mahakama ya Rufani ilisema kuwa kijiji kuongoza eneo hakumaanishi kwamba kinamiliki ardhi iliyomo, na kwamba kila mwanakijiji alipaswa kuthibitisha haki yake mwenyewe. Watu waliolima na kuchunga miaka mingi walianguka kwa kukosa ushahidi.

Kesi ya Akonaay iliondoa shaka juu ya haki yenyewe, lakini tatizo la ushahidi lililowaangusha Mulbadaw liko palepale, na ndilo linalowagharimu wakulima leo.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeifuata njia iliyofunguliwa na hukumu ile na kwenda mbele zaidi. Zinasema maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba milki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Kamishna. Fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Haiishii kwenye migomba na nyumba ya tope. Inahesabu bei ya soko ya ardhi, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi au faida iliyopotea. Kwa kanuni za mwaka 2001, malipo yakipita miezi sita yanatakiwa kulipwa na riba.

Siku mthamini anapofika na fomu zake, mambo hayo yote hugeuka kuwa maswali madogo: mpaka uko wapi, nani jirani, miti ilipandwa lini, nani anajua. Mwenye duka dogo kando ya barabara anaulizwa faida yake ya mwezi, na kama hana daftari la mauzo wala karatasi za kodi, dai la faida iliyopotea linakuwa hadithi tu. Wengine husaini fomu bila kusoma ekari zilizoandikwa, wakaja kugundua baadaye kwamba nusu ya shamba haimo.

Kwa wanawake kuna hukumu nyingine ya kukumbukwa, ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Muleba aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akataka mauzo yafutwe kwa kuwa mila za Wahaya hazikumruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ilikubali mauzo hayo. Ukoo ukiitaka ardhi, urudishe fedha ya mnunuzi ndani ya miezi sita. Hata hivyo, fomu nyingi za vijijini bado zinaandikwa jina la mume peke yake, ingawa sheria inaruhusu majina yote mawili.

Benki nazo zinasitasita kupokea hatimiliki ya kimila kama dhamana, na si kwa ubaya tu. Mkopaji akishindwa kulipa, kumuuzia mtu wa nje ya kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na benki inaogopa kubaki na shamba lisilouzika. Hapo mahakama haiwezi kusaidia sana. Linalohitajika ni vijiji vyenye mipaka iliyopimwa, mpango wa matumizi ya ardhi na masjala inayofunguka siku za kazi.

Halmashauri za wilaya zinapopanga bajeti, upimaji wa mipaka ya vijiji huwekwa nyuma ya semina na mafuta ya magari. Upande wa vijiji, kuna jambo lisilosubiri bajeti: mtendaji anaweza kuanza wiki hii kuandika rejesta ya nani analima wapi, majirani wote wakishuhudia na mke na mume wakisaini, kabla hajafika mwekezaji au mkandarasi wa barabara. Orodha inayoandikwa baada ya mradi kutangazwa huwa ndefu kuliko kijiji chenyewe, na mthamini anajua hivyo.