Mbuzi wa pili hakurudi

Mtoto amekosa, ameungama, amesamehewa. Mwezi mmoja baadaye anavunja kikombe, na mama anaanza upya: "Ndiyo maana hata hela ya ada uliiba!" Kumbe msamaha ulikuwa wa mdomoni.

Mambo ya Walawi, sura ya 16, inaeleza Siku ya Upatanisho. Kila mwaka kuhani mkuu wa Israeli alitwaa mbuzi wawili kwa ajili ya watu. Mmoja alichinjwa, damu yake ikapelekwa nyuma ya pazia. Juu ya kichwa cha wa pili aliweka mikono yote miwili, akaungama dhambi za taifa, kisha mbuzi akapelekwa nyikani. Wa kwanza alionyesha kwamba dhambi ina gharama; wa pili, kwamba iliyolipiwa huondolewa.

Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba ibada hiyo ilirudiwa kila mwaka kwa sababu damu ya wanyama haikuweza kuondoa dhambi. Kristo alijitoa mara moja, ikatosha.

Basi Mkristo anayefukua kosa lililosamehewa anamfuata mbuzi nyikani ili amrudishe nyumbani. Mtoto aonywe, hela irudishwe; lakini jambo likiisha, liishe.